Miwani yangu imetoka, ya mdogo wangu imebaki

Kwetu Wete, Pemba, ukimpita mtu mzima njiani bila ya shikamoo, habari inatangulia kufika nyumbani kabla yako. Mie imenifika siku moja miwani imevunjika mguu, nkatoka hivo hivo kwenda dukani kununua sukari, nkapishana na ami yangu, ndugu yake baba tumbo moja, nimempita kama napita nguzo ya umeme. Jioni baba kaniita barazani, mwanangu siku hizi ushakuwa nani wewe hata wakubwa huwaamkii? Nkamwambia baba wallahi sikumuona. Sidhani kama aliamini. Mtu mwenye macho mazima hawezi kujua miwani ya namba tano na nusu maana yake nini, maana yake kitu kikishavuka kama shibiri moja kutoka puani kinaanza kuyeyuka. Watu nlikuwa nawajua kwa mwendo na sauti na rangi ya kanga, mtu akibadilisha kanga nshampoteza.

Bibi yetu anasema sababu ni kibatari. Kabla ya ule waya wa baharini wa kutoka Tanga haujafika Pemba mwaka 2010 umeme wetu ulikuwa wa majenereta, ukizima tunasomea kibatari, na mie nlikuwa nalala na kitabu usoni. Daktari mmoja kaja kunambia baadae kwamba jicho langu refu tu, basi. Jicho la mtu mzima kutoka mbele mpaka nyuma ni kama milimita 24, yangu yamepita 26, kwahiyo picha inaangukia kabla ya kufika kwenye ule ukuta wa nyuma inapotakiwa iangukie. Kurithi kumo, kusoma karibu karibu na kukaa sana ndani kumo pia. Bibi nilipomueleza akasema haya, lakini kibatari nacho kilikuwemo.

Sasa miwani na mie hatukuwahi kupatana. Navaa ninja, yani nikabu, na anaevaa ninja na miwani pamoja anajua naongea kitu gani, ukipumua tu vioo vinashika ukungu, unasimama katikati ya soko la Wete huoni papa wala nguru. Jua kali jasho linaiteremsha, ukiinama kumkoga mtoto inaingia kwenye karai. Nikajaribu lensi za kubandika machoni nikakaa nazo mwaka mmoja na miezi, nazo zina masharti yake, maji yasiziguse, na mimi natia udhu mara tano kwa siku, siku nyengine naona uvivu nasema leo natawadha nazo hivo hivo. Jicho likawa jekundu kama kungu, nimeshinda wiki mbili chumbani giza. Anaetia udhu na lensi machoni aache, maji ya bomba yana vijidudu vinavyoweza kulila jicho lenyewe, mie niliponea.

Binti yake yule yule ami nliempita bila ya shikamoo anaishi Muscat, ndie alotia moto. Kafanya leza ya macho kule, ile ya kuchongwa jicho uache miwani, akanitumia voisi ndefu, shoga dakika kumi tu, umelala umeamka unaona, mie jana nimesoma namba ya gari iloko ng'ambo ya barabara. Dakika kumi. Hilo neno limenikaa kichwani miaka miwili nakusanya pesa, za mshahara, za kibati, na fungu langu la karafuu za msimu ule, maana si hela ndogo, niseme tu kwamba ilizidi mahari yangu mara kadhaa, na mume wangu alicheka nilipomwambia lakini alinitolea iliyopungua, Mola amlipe.

Safari nkasindikizwa na mdogo wangu wa kiume, wakati huo ana miaka 22. Yeye nae ana miwani, tena yake kila mwaka inabadilishwa, na alikuwa na tabia ya kufikicha macho tangu mdogo, vile watoto wanaopata macho ya mwasho wanavyofikicha kwa ngumi mpaka unasikia sauti, kwich kwich. Mama alikuwa akimpiga mkono. Hakuna aliejua kama lile ndo jambo lenyewe.

Tukachukua boti Mkoani mpaka Unguja, kutoka hapo mpaka bara, siku ya pili yake asubuhi tushafika pahala pa kwanza. Sitaji jina wala mtaa. Pahala pazuri, tailsi zinang'ara, tumepewa maji ya chupa. Nkawekwa kwenye mashine moja, ile ya kutizama picha ya nyumba kwa mbali, halafu nikasoma herufi ukutani, halafu kijana mmoja mwenye tai akatukalisha na karatasi ya bei. Robo saa imekwisha. Mdogo wangu akauliza na mie je? Na wewe, mkifanya wawili tunakupeni punguzo, lipeni nusu leo, kesho asubuhi mnaingia nyote. Na sisi tulivyo washamba, tumelipa! Machoni nimevaa lensi zangu na hakuna alieniuliza kama nimevaa lensi.

Usiku ule nkampigia mjomba kumpa habari njema. Mjomba alikuwa nesi wa macho miaka mingi kabla hajastaafu, mtu wa maneno machache. Kanisikiliza mpaka mwisho kisha kauliza, wamekupigeni ramani ya kioo cha jicho? Ramani gani mjomba? Konea, ile sehemu ya mbele iliyo wazi kama kioo cha saa, leza inakwenda kuchonga pale pale, wamepima unene wake? Nkamwambia hapana. Wamekuuliza lensi umezivua lini? Hapana. Kimya kidogo. Akasema basi mwanangu asubuhi mkaombe pesa zenu mrudi kwa watu wengine, na kama hawarudishi waachieni.

Hawakurudisha yote. Nusu ya ile nusu mpaka leo iko kwao, na inaniuma, sisemi hainiumi.

Pahala pa pili tulipokwenda, la kwanza kabisa walilouliza ni lensi, nilipojibu wakasema leo hatukupimi, zivue ukae wiki mbili ndo uje. Nkadhani wananifukuza kwa adabu. Kumbe lensi ikikaa juu ya konea inaiminya na kuibadilisha umbo, ukipimwa hapo hapo wanapima umbo la uongo, na leza itachonga kwa hesabu za uongo. Zile ngumu ndo wanataka ukae zaidi, hata mwezi. Tukakaa kwa jamaa zetu Magomeni wiki mbili tunakula wali wa watu, mdogo wangu anauza uso mitaani, mie na miwani yangu ya zamani iliyofungwa plasta.

Siku ya kupimwa ilichukua asubuhi nzima. Maswali kwanza. Una miaka mingapi, namba imebadilika lini mara ya mwisho, una karatasi za zamani? Alhamdulillah mie ni mtu wa kuweka makaratasi, nkatoa vyeti vya miaka mitatu, namba imesimama. Chini ya miaka 18 hawakugusi, na namba isiposimama angalau mwaka mmoja ni kazi bure, utachongwa leo mwakani jicho linaendelea na safari yake. Unanyonyesha? Nkashangaa maziwa na macho wapi na wapi. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya kimaalim, akanambia mimba na kunyonyesha vinaweza kuyumbisha namba na kuyafanya macho kuwa makavu, kwahiyo tunasubiri. Nilikuwa nimemwachisha mwanangu miezi saba nyuma. Una kisukari, una maradhi ya baridi yabisi, unakunywa dawa gani, macho yanakukauka? Wakanipima machozi kwa vijikaratasi vidogo vinavyoning'inizwa kwenye kope, vinachekesha lakini vina maana yake, kwa sababu operesheni yenyewe inakata mishipa midogo ya fahamu ya konea na mtu anabaki na ukavu miezi kadhaa, ukianza tayari mkavu utajuta.

Halafu ndo ile ramani aloisema mjomba. Unaweka kidevu, unatizama duara za mwanga, kompyuta inatoa picha ya rangi kama ramani ya milima, kijani na buluu ni pahala palipolala, njano na nyekundu ni pahala palipoinuka. Konea ya kawaida unene wake katikati ni kama mikroni 540, yani nusu milimita na kidogo. Yangu ilikuwa 498. Nyembamba nyembamba, lakini umbo lake zuri, pande zote zinafanana.

Mdogo wangu kafuata. Daktari akaitizama ile picha, akairudia, akamwambia weka kidevu tena. Chini kidogo ya katikati pana doa jekundu, jicho la kushoto limezidi. Akamuuliza bila ya kumuangalia, unafikicha macho? Nkamjibu mie, tangu anazaliwa. Akatugeuzia kioo cha kompyuta tuone. Inaitwa keratokonasi. Konea inakuwa dhaifu, inakonda pahala pamoja na kuchomoza mbele mfano wa ncha, ndo maana miwani yake kila mwaka haimtoshi, si kwamba waliompimia walikosea, kioo chenyewe kilikuwa kinahama. Kufikicha kunaizidisha. Na mtu kama huyu, akasema taratibu kama anaemfundisha mtoto kusoma, mtu kama huyu ukimtia leza ya kupunguza konea ni sawa na kuchukua dema la kuvulia lishaoza ukalipunguza fito. Konea inaachia, inachomoza zaidi, mwisho wake anaweza kuhitaji kuwekewa konea ya maiti.

Nimekaa kwenye kile kiti miguu imeniisha nguvu. Wiki mbili nyuma mtoto wa watu alilipiwa aingie asubuhi.

Sikwambii tena habari ya yule kijana mwenye tai.

Mie wakanifanyia hesabu mbele yangu, na hili nalipenda, daktari kachukua kalamu. Akanieleza njia zilizopo. Ya kwanza ni LASIK, hiyo alofanya binti ami, leza moja inakata kifuniko chembamba juu ya konea, kimebaki na bawaba upande mmoja kama mlango wa kisanduku, wanakifungua, leza ya pili inachonga chini yake, wanakirudisha. Ndo maana kesho yake mtu anaona, juu hapajachubuka. Ya pili ni PRK, hii haina kifuniko, wanapangua ile ngozi laini ya juu ya jicho kama unavyoondoa utando wa maziwa, leza inachonga, ngozi inaota upya yenyewe. Inauma na inachelewa. Ya tatu inaitwa SMILE, leza inachora kipande chembamba mfano wa lenzi ndani ya konea kikatolewa kwa tundu dogo la milimita chache, hawakuwa nayo pale.

Sasa hesabu. Una 498. Kifuniko kinakula 110. Namba yako kuichonga inakula kama 80. Inabaki 308 chini. Wengi wanasema usiende chini ya 250 na wengi wanapenda ibaki 300, kwahiyo umepita, lakini ukijumlisha kifuniko na kuchonga umegusa asilimia 38 ya konea yote, na ikifika 40 sisi tunaanza kuogopa. Na una mdogo wako hapo nje. Tumbo moja? Tumbo moja. Basi sikutii kifuniko, akasema. Halafu akauliza una watoto wadogo? Nkamwambia wawili, wa mwisho analala na kisigino usoni pangu. Akacheka. Kifuniko hakishikani tena kama alivyokiumba Mungu, hata baada ya miaka pigo la jicho linaweza kukihamisha. Akaandika PRK akaipigia mstari.

Kabla ya hapo walinitia dawa ya kufungua mboni wakatizama nyuma ya jicho. Jambo hili sikulijua na naona watu wengi hawalijui, leza inachonga mbele tu, jicho langu refu limebaki refu vile vile, na jicho refu ukuta wake wa nyuma umevutika, unaweza kuchanika. Kwahiyo mtu wa namba kubwa hata akivua miwani siku akiona miale kama radi pembeni ya jicho au nukta nyeusi nyingi zimemwagika ghafla au pazia linateremka, asilale nalo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Operesheni yenyewe nisikudanganye, binti ami alisema kweli, ni dakika. Matone ya ganzi, unalala chali, wanaweka kichuma kinachozuia kope zisifunge, unaona tu usoni taa. Wakaweka kipete juu ya jicho wakatia kilevi, alkoholi, wakahesabu mpaka 20, wakasuza, halafu daktari akawa anapangua ile ngozi na mie naona kama mtu anafuta kioo cha gari kwa ndani. Hakuna maumivu ila roho inakwenda mbio. Nasoma Ayatul Kursiy nachanganya aya. Tizama taa ya kijani, usiondoe jicho, na ukiondoa kidogo usiogope mashine inalifuata. Tak tak tak tak. Na harufu! Harufu ya nywele zilizobabuliwa na moto, nkajua jicho langu linaungua, na hakuna kinachoungua, ile leza haichomi kwa joto, ni mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193 unaovunja vile vifungo vinavyoshikanisha nyama, tabaka kwa tabaka, jirani yake hapajui kama pameguswa. Kila jicho leza haikumaliza dakika. Wakatia dawa ya kuzuia kovu, wakasuza kwa maji baridi mpaka nkaguna, wakaweka lensi laini isiyo na namba iwe kama bendeji.

Nimeinuka nikaona saa ya ukutani. Saa nne na dakika ishirini. Nkalia, nesi akanambia usilie unaosha dawa.

Usiku wake ndo nikajua nimefanya nini. Ganzi imekwisha, macho kama mtu kayajaza mchanga kisha akakamulia pilipili mbuzi, machozi yanamwagika hayana breki, mwanga wa simu tu wa mtu aliye upande wa pili wa chumba unanichoma. Nkamwambia mdogo wangu wapigie waniletee yale matone ya ganzi. Wakakataa katakata, matone yale ukiyatumia nyumbani ngozi haioti na jicho linaweza kuharibika, kunywa dawa za maumivu ulizopewa, lala. Siku tatu hizo. Dirisha limezibwa kwa mablanketi, mwenye nyumba akaambiwa asichome udi, na siku ya Ijumaa akasahau akachoma, nimetamani kumtukana mtu mzima wa watu.

Humo gizani mdogo wangu ndo alikuwa redio yangu. Anakaa nje ya mlango ananisomea kwa simu habari za leza, sijui ananipa moyo au anatafuta yake mwenyewe. Akasoma kwamba mwaka 1981 kule New York kulikuwa na watafiti watatu wa IBM, mmoja wao Srinivasan asili yake Mhindi, kaja kazini na mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya jana yake wakayapiga kwa leza hii hii, wakaona inakata nyama kwa kipimo bila ya kuunguza pembeni. Nimecheka macho yakaniuma. Kisha daktari Trokel akaijaribu kwenye macho ya ng'ombe mwaka 1983, na mwaka 1988 Marguerite McDonald akamfanyia mama mmoja wa Marekani ambaye jicho lake lilikuwa lizima lakini linatakiwa kutolewa kwa sababu ya saratani ilokuwa karibu nalo, yule mama akasema kabla hamjalitoa lijaribieni kwanza. Hapo mdogo wangu akanyamaza. Nkamuuliza vipi. Akasema hapana, yule mama katoa zawadi kubwa sana.

Siku ya tano lensi ya bendeji ikatolewa. Na naona vibaya! Kila kitu kimekaa kama nyuma ya chandarua. Hakuna alienificha, karatasi niliyosaini imeandika, lakini kusoma na kuishi si kimoja, nishazoea voisi ya binti ami, umelala umeamka. Mie nimelala nimeamka wiki tatu bado siwezi kusoma namba ya daladala. Nilimkasirikia kila mtu. Wiki ya nne ndo ikaanza kukaza, jicho la kulia kwanza, na mwezi wa tatu nikasoma mstari wa 6/6, ule wa mtu mwenye macho mazima, macho yote mawili.

Udhu uliniumiza kichwa kuliko maumivu. Maji yasiingie jichoni wiki nzima, na mie sitaki kuiacha sala. Nkampigia maalim wangu wa chuoni, akanambia osha kinachoosheka, kile usichoweza kukiosha utayamamu kwa ajili yake, dini ni nyepesi mwanangu. Wanja mwezi mzima marufuku, harusi mbili nimekwenda uso mkavu kama nimefiwa. Bahari wiki kadhaa marufuku. Na jua, hili walinisisitiza mno, miwani ya jua kila nikitoka, kwa sababu baada ya PRK jua kali linaweza kuleta ukungu kwenye konea, na sisi huku jua unalijua lilivyo, tena likipiga kwenye mchanga mweupe linakurudia kutoka chini. Kwahiyo nimevua miwani nikavaa miwani. Mama kacheka mpaka kashika ubavu.

Matone nayo. Yale ya kupunguza uvimbe, ya steroidi, nimetia zaidi ya miezi miwili kwa kupunguza pole pole, na kila nikenda wananipima presha ya jicho maana yanaweza kuipandisha. Ramadhani ilinikuta humo humo, maalim kasema matone ya jicho hayafunguzi, nimetia mchana kwa amani. Kilichonitia hofu ni jirani, kaja na mwanawe mwenye macho ya mwasho, nigaie tone shoga, yako ni ya hospitali kubwa. Nimekataa akaninunia mpaka Sikukuu. Potelea mbali. Matone haya mtoto akitiwa ovyo ovyo miezi yanaleta presha ya jicho na mtoto wa jicho, jicho linapoa wekundu na huku ndani linakufa, na yapo watu wananunua tu dukani. Nlimwambia mpeleke akapimwe, na mzuie asifikiche, nkamuonesha mdogo wangu. Hapo ndo alipokwenda.

Yaliyobaki mpaka sasa ni madogo. Usiku taa za magari zina duara kama mwezi wenye ua, si kama mwanzo lakini zipo. Feni ikinipiga usoni macho yanakauka, kwenye boti nakaa mbali na kiyoyozi, na chupa ya machozi ya dukani haitoki mkobani.

Na kimoja sikuambiwa, au niliambiwa sikusikia. Mie nashona kofia. Zamani navua miwani, naileta kofia karibu na pua, naona kila tundu la uzi kubwa kama sahani, wenzangu wananionea wivu, mtu wa namba tano na nusu macho yake ni miwani ya kukuzia ya bure. Sasa nikiileta pale pale inayeyuka, lazima niishike mbali kama watu wengine. Mama aliposikia akauliza na yeye aende kuchongwa, apate kutunga uzi kwenye sindano bila ya miwani. Nikamueleza, mama, yako si ya konea, yako ni ya umri, lenzi ya ndani imekuwa ngumu, ukifika miaka 40 na kitu kila mtu inamfika, na mie itanifika, nitanunua miwani ya kusomea kama wewe. Akasema sasa hizo pesa zote za nini? Sikumjibu.

Mdogo wangu alirudi bara baada ya mwezi. Wamemfanyia ya kukaza konea, wanatia matone ya vitamini B2, ya manjano, muda mrefu, halafu wanalimulika jicho kwa mwanga wa urujuanimno, ule ule ninaoukimbia mimi kwa miwani ya jua. Haimrudishii alichopoteza, inasimamisha tu kisiendelee. Sasa anavaa lensi ngumu jicho la kushoto, la kulia miwani inamtosha, na mkono ukipanda usoni peke yake anaurudisha chini. Mie karatasi zangu zote nimeziweka kwenye bahasha na cheti cha nikaha, kwa sababu konea ikishachongwa kipimo cha presha ya jicho kinasoma chini kuliko kweli, na siku nikizeeka nikahitaji kubadilishwa lenzi watazihitaji zile namba za kabla.

Hilo la kubadilishwa lenzi ndo lake ami sasa. Mboni zimeingia weupe, mtoto wa jicho, na watu wanamwambia nenda kwa leza ya binti wa ndugu yako, namwambia, ami, yako siyo ile, yako ni lenzi ya ndani imechafuka, inatolewa inatiwa nyengine, ngojea kambi ya macho ikija au tukupeleke. Anasema inshaallah, anaahirisha, ana hofu ya kisu. Juzi natoka skuli, nimemuona tangu kule kwenye mwembe, naijua kofia yake, ni mie nilieishona. Nimengojea anikaribie nkasema shikamoo ami. Kapita. Nkamfuata nyuma, ami shikamoo! Akasimama, akageuza uso kwenye sauti, akakunja macho.

"Marahaba. U nani weye?"